Toka Ukalale Nyikani

Kijana wa Kasulu, na wewe wa Kibondo, hebu jiulize: umelala nje mara ngapi kwa hiari yako? Msibani hatuhesabu. Siku basi lilipoharibika njiani hatuhesabu. Nauliza juu ya usiku ule uliofunga blanketi na sufuria, ukaaga nyumbani, ukaenda kulala kwenye nyasi au kando ya maji kwa sababu tu ulitaka. Kwa wengi wetu jibu ni hata mara moja. Makala hii nimeiandika ili jibu hilo libadilike kabla kiangazi hakijaisha.

Tunaishi mlangoni mwa nyika ambayo dunia nzima imekubali kuwa ni hazina. Tarehe 13 Aprili 2000, bonde la Malagarasi na Muyovozi liliandikishwa kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Ubelgiji, nchi iliyoishika Kigoma yetu tangu 1916 hadi 1921, haifikii ukubwa huo. Humo mna mbuga zinazofurika masika na kukauka kiangazi, mna mito ya Malagarasi, Moyowosi na Ugalla, mna maziwa ya Sagara na Nyamagoma, na kando yake misitu ya miombo isiyoonekana mwisho. Humo anaishi korongo-nyangumi, ndege mrefu wa kijivu mwenye domo pana, anayeweza kusimama majini muda mrefu bila kutikisika akimvizia samaki. Humo yumo nzohe, swala wa majini, ambaye kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye matope.

Sasa jiulize ni nani wanaolala humo. Ukimwacha mrina asali, ni wageni wanaokuja kuwinda kwa vibali na kulipa kwa dola. Ni askari wa wanyamapori walio kazini. Ni majangili. Mwalimu wa Kasulu hayumo. Dereva wa bodaboda wa Kibondo hayumo. Binti aliyemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo hayumo. Nchi ni yetu, usiku wake tumewaachia wengine.

Sababu naijua, na siidharau. Huku kwetu turubai lina historia chungu. Warundi walitukimbilia 1972, wakaja tena kwa maelfu baada ya 1993. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kupokea Wakongo. Nduta, pale Kibondo, ilifunguliwa upya 2015. Mtoto aliyekulia kando ya kambi hizo amejifunza kwamba anayelala chini ya turubai ni mtu aliyepoteza nyumba. Wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka pia miaka ambayo mabasi ya njia ya Kibondo na Kasulu yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa kuhofia majambazi. Mtu aliyekua na kumbukumbu hizo akikuambia kwamba kulala porini ni balaa, usimcheke.

Lakini barabara ile sasa ina lami, na hofu iliyotuondoa porini haina haki ya kutuzuia maisha yetu yote. Mtu mwenye nyumba na kitanda anapochagua kulala nje usiku mmoja, hamdhihaki mkimbizi. Anairudishia nchi yake amani kwa namna ndogo, anasema hapa panalalika. Na mtu aliyetetemeka kwa baridi ya alfajiri chini ya turubai atamwangalia mkimbizi jirani yake kwa jicho jingine.

Tena hatuanzi jambo geni. Chumvi ya Uvinza imechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na kabla ya reli kufika, kila aliyekwenda kuitafuta kutoka nyanda za juu alikwenda kwa miguu. Alilala wapi? Alilala njiani, chini ya mti, kando ya moto, na kichwa chake juu ya mzigo wake. Babu zetu hawakuwa na jina la kifahari la jambo hilo. Waliliita safari.

Ukitaka kumwona bingwa wa kulala nje aliye hai leo, mtafute mrina asali. Msimu wa kurina ukifika, anaingia miomboni na kukaa huko siku kadhaa, mbali na kijiji. Iangalie kambi yake vizuri, kwa sababu ni chuo. Kibanda ni cha fito na majani, kidogo, kimeelekezwa upande ambao upepo hauingizi moshi ndani. Moto ni mdogo, umekaa kwenye udongo mtupu uliofagiwa majani yote. Ndoo za asali zimefunikwa na kuning'inizwa juu ya tawi, kwa kuwa nyegere ana pua kali na hana adabu, na siafu wakipata njia hawabakizi kitu. Hakuna taka. Kila alichokuja nacho kina kazi, na kila kisicho na kazi kilibaki nyumbani. Akiondoka, mvua mbili tu zikinyesha hutajua kama alikuwapo. Hayo ndiyo mambo ambayo watu wa nchi nyingine wanayasomea kwenye vitabu na kuyanunulia vifaa vya bei kubwa. Kwetu mwalimu anakaa mtaa wa pili.

Wapo pia waliotoka mbali wakaanza na hema tu. Julai 1960, Jane Goodall alifika Kigoma akiwa na miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu. Mji ulikuwa umejaa watu waliokimbia machafuko ya Kongo, akabidi asubiri, na hema lake likasimama kwenye uwanja wa gereza. Tarehe 14 Julai akashuka Gombe pamoja na mama yake, Vanne, na mpishi wao Dominic. Mama na binti walilala hema moja kuukuu la jeshi. Mwaka uleule akamwona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kichuguuni, na sayansi ikalazimika kufikiri upya juu ya kitu kinachomtenga binadamu na mnyama. Mwaka 1968 Gombe ikawa Hifadhi ya Taifa. Alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, dunia nzima ilitaja jina la ufukwe wetu. Dada zangu mnaoambiwa kwamba porini si mahali pa mwanamke, kumbukeni kwamba kazi ile ilianzishwa na wanawake wawili hemani, mmoja wao mzazi.

Kabla ya Goodall alipita Henry Morton Stanley, na safari yake ina funzo la aina nyingine. Mwaka 1871, akimtafuta David Livingstone, aliingia Buha, nchi yetu hii ya Waha, na msafara wake. Wakuu wa nchi wakamdai hongo, ushuru wa kupita kwenye ardhi yao. Alilipa nguo nyingi, akadaiwa tena mbele, mwishowe akaamua kuwakwepa wenye nchi waliobaki. Msafara uliondoka usiku wa manane kimyakimya, ukavuka Mto Ruchugi, ukapita porini kwa woga na kulala bila kusimamisha hema wala kuwasha moto, watu wakiwa tayari kukimbia wakati wowote. Novemba hiyo akafika Ujiji. Tazama jambo hili: mtu mwenye bunduki, wapagazi na mizigo ya nguo alilala gizani kwa kuwa alitaka kupita nchi ya watu bila wao kujua. Wewe mwenye sufuria moja, ukipiga hodi kwa mwenyekiti wa kijiji, utalala umewasha moto wako na kuota hadi usingizi ukuchukue.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hodi. Marekani kuna ardhi ya serikali ambako mtu huegesha gari, akajichagulia mahali na kulala bure, mara nyingi kwa muda usiozidi siku 14. Norway wana sheria ya mwaka 1957 inayomruhusu mtu kupiga hema popote kwenye nyika, ilimradi awe mita 150 kutoka nyumba ya watu. Kwetu utaratibu ni mwingine, na si mgumu. Ardhi ya kijiji iko chini ya serikali ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Nenda kwa mtendaji au mwenyekiti mchana, si magharibi. Msalimu mzee shikamoo, sema jina lako, unakotoka, mko wangapi, mtalala wapi na mtaondoka lini. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu tuko mpakani na ni haki ya wenyeji kujua mgeni wao ni nani. Msitu wa hifadhi una ofisi ya TFS, wakala wa misitu. Pori la Akiba la Moyowosi liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuingia pori la akiba bila kibali. Gombe na Mahale ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na wenye uraia hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kikilinganishwa na wanacholipa wageni. Ruhusa ndiyo inayokupa usingizi.

Kanuni ya pili: anza karibu. Usianze na Moyowosi. Anza na kilima unachokiona kutoka dirishani kwako. Upande wa Kasulu kuna milima ya Heru, nchi aliyoitawala Mwami Theresa Ntare, yenye nyasi, upepo na mandhari inayokufanya unyamaze mwenyewe. Upande wa Kibondo kuna miombo. Usiku wa kwanza uwe umbali ambao ukishindwa unarudi nyumbani kwa miguu. Wa pili uwe ndani ya miombo, pamoja na mrina asali aliyekubali kuwaongoza. Ukishazoea, shuka ziwani. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na bado wapo watu wa Kasulu ambao hawajawahi kuamka na kulikuta mbele yao jua likichomoza nyuma ya mgongo.

Kanuni ya tatu: soma ardhi kabla ya kutandika. Kando ya maji ya Malagarasi utakuta njia mbili nyembamba zinazokwenda sambamba, katikati zimeacha tuta la nyasi, kana kwamba mkokoteni umepita. Hakuna mkokoteni pale. Ni njia ya kiboko. Miguu yake ya kushoto na ya kulia iko mbali na kila upande huchimba mfereji wake, miaka nenda miaka rudi. Usiku anatoka majini kwenda kula majani, na alfajiri anarudi kwa njia ileile. Ukilala juu yake umemziba mlango. Sogea mbali, tena mbali zaidi ya unavyodhani inatosha. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Chukua umbali huo kuwa ndio wa chini kabisa popote penye maji, na penye dalili za kiboko au mamba uongeze maradufu.

Usilale bondeni kabisa, kwa maana baridi ya Juni na Julai hushuka na kutuama huko. Usilale chini ya tawi kavu. Usilale kwenye kibanda kilichoachwa, hata kama mvua inatishia, kwa sababu papasi hujificha kwenye nyufa za udongo mkavu na homa yake haina huruma. Mbung'o hupenda rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Wewe vaa kaki au rangi ya majani makavu. Malale imewahi kuzisumbua sana wilaya zetu hizi, kwa hiyo homa yoyote baada ya safari ipelekwe kituo cha afya mara moja, na mganga aambiwe ulikolala. Chandarua ni lazima. Maji yachemshwe. Ziwani, penye magugu na maji yaliyotulia, usioge, kichocho kipo.

Kanuni ya nne ni moto, na hapa naomba unisikilize kwa masikio yote mawili. Kiangazi nyasi zetu ni kavu kiasi kwamba cheche moja huzaa moto kichaa unaokula vilima vitatu kabla ya jioni, pamoja na mizinga ya watu. Fagia duara hadi uone udongo mtupu, upana wa hatua mbili kila upande. Chimba kidogo katikati, panga mafiga matatu, washa moto unaotosha sufuria. Tumia kuni zilizoanguka, usikate mti mbichi. Kukiwa na upepo mkali, usiwashe kabisa. Kula karanga na ndizi, ulale. Asubuhi mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha weka mgongo wa kiganja karibu na udongo. Ukisikia joto, bado hujamaliza kazi.

Mengine ni mepesi. Choo ni shimo la kina cha kiganja na nusu, mbali na maji, ukimaliza unafukia. Taka zote, hata kifuniko cha chupa, zinarudi nyumbani. Mzigo wako ni turubai na kamba, chandarua, mkeka, blanketi mbili, sufuria, unga wa muhogo, maharage yaliyokwisha kuchemshwa nyumbani, dagaa, chumvi, tochi, panga, jembe dogo, maji. Karibu vyote tayari unavyo. Nendeni watatu au wanne, na nyumbani abaki mtu anayejua mko wapi na saa ngapi mtarudi.

Utapata nini? Kwanza, giza halisi. Mjini tumelisahau. Kwenye nyasi za Buha, usiku usio na mwezi, nyota ni nyingi hadi unashindwa kuzitenganisha. Ukiamka kabla ya alfajiri mwezi wa Julai utakiona Kilimia kikipanda mashariki, kundi lile la nyota ambalo wakulima wamelitumia tangu kale kujua majira. Pili, utapata masikio. Saa moja ya kwanza kila sauti ni simba. Saa ya pili unaanza kutofautisha bundi na popo, chura na mdudu, upepo wa kwenye miombo na upepo wa kwenye nyasi. Kufikia usiku wa tatu wa maisha yako ya nje utalala fofofo, na woga uliobeba tangu utotoni utakuwa umepungua bila mtu kukuhubiria. Tatu, utazungumza. Watu wanne kando ya moto mdogo, simu hazina mtandao, husema mambo ambayo wasingeyasema mwaka mzima mjini.

La nne ndilo kubwa kuliko yote. Wahenga walisema, aisifuye mvua imemnyea. Nyika yetu inapungua huku tukitazama. Miti inageuzwa mkaa, mashamba yanaingia msituni, moto unapita kila mwaka, nyavu zenye matundu madogo zinazoa samaki wachanga. Mikutano ya kulinda bonde la Malagarasi imefanyika, na ni mizuri, lakini bonde halitalindwa na watu wanaolijua kwa kuambiwa. Litalindwa na mtu aliyewahi kulala kando yake, akasikia kiboko akikohoa gizani, akaamka na kukuta ukungu umelala juu ya mafunjo. Mtu huyo akisikia kwamba chanzo cha mto kimelimwa, atauma meno, kisha ataenda kwenye mkutano wa kijiji na kunyoosha mkono. Ndiyo maana siuoni usiku mmoja nje kuwa anasa. Ni kazi ya raia.

Walimu, chukueni vijana wa skauti na klabu za mazingira, mkalale nao usiku mmoja kwenye kilima cha karibu na shule, kwa barua ya wazazi na baraka ya kijiji. Viongozi wa dini, kongamano la vijana lijalo lifanyieni nje ya ukumbi. Wenyeviti wa vijiji, tengeni sehemu ya nyasi penye mandhari nzuri, wekeni masharti yenu na ada ndogo ya kijiji, mrina asali awe mwongozaji na mama wa jirani auze maharage na asali. Wageni wa ndani watakuja, na fedha yao itabaki kijijini.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, usiseme mwakani. Chagua Jumamosi moja kati ya Juni na Septemba. Tafuta wenzako watatu. Jumatatu nendeni kwa mtendaji mkaombe ruhusa. Ijumaa chemsheni maharage. Jumamosi saa tisa mchana muwe mmeshaanza kupanda. Huhitaji tajiri wa kukulipia wala kampuni ya kukupeleka. Unahitaji ruhusa, blanketi na uamuzi, na uamuzi uko mkononi mwako leo.